Kupasha joto grinhausi ndogo huku Limuru: nini inafanya kazi na nini inakula pesa bure

Wacha nianze na jibu ndio mwenye haraka aende zake. Kama uko na grinhausi ndogo sehemu ya baridi, iwe Limuru, Kinangop, Molo ama hata hapa Dagoretti na Karen ikifika mwezi wa saba, usikimbilie kununua hita. Ziba kwanza, weka pazia la ndani, weka mapipa ya maji, alafu kama mimea bado inateseka ndio utafute moto, na huo moto uwe na bomba la kutoa moshi nje. Ndio mpangilio wangu na nitaeleza kwa nini, manake naona watu wengi wanaanzia mwisho na wakifika kwa yale mambo ya bei rahisi pesa imeisha.

Mi naishi upande wa Uthiru lakini grinhausi iko Limuru kwa wazazi, mita sita kwa kumi, nguzo za mbao na nailoni ya kawaida, ndani kuna nyanya za Anna F1, hoho mistari miwili na kona ya miche ya kuuza. Karibu vitu vyote nimetoa hapa Nairobi, Gikomba, Luthuli na Kamukunji, kwa hivyo haya nasema ni ya mtu wa kawaida mwenye mfuko wa kawaida, sio ya wale wakubwa wa maua.

Kwa wale watauliza Kenya kuna baridi gani mpaka upashe grinhausi, sikiza. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari na katikati ya Nairobi ni kama 1,660, na kila ukipanda mita elfu moja hewa inapoteza karibu nyuzi sita, kwa hivyo Nairobi ikilala na nyuzi 11 Limuru inaweza kuwa na saba nane. Nyanya usiku ukishuka chini ya 13 maua yanaanza kukataa kushika, chini ya kumi mmea unasimama tu, unaona majani chini yanageuka zambarau kwa sababu mizizi ikiwa na baridi haivuti fosforasi vizuri, na zile chache zinashika zinatoka na makovu na mikunjo huko chini mpaka mama mboga anazirudisha. Hoho ndio mbaya zaidi, hiyo inataka joto kuliko nyanya.

Na kuna kitu watu wengi hawajui. Grinhausi ya nailoni moja isiyo na moto, usiku iko tu nyuzi moja ama mbili juu ya nje, na usiku ambao mbingu ni safi inaweza hata kuwa baridi kuliko nje! Nailoni ya kawaida haizuii lile joto linalotoka kwa udongo kwenda juu angani, inapita tu, alafu upepo wa nje nao hauingii kuleta hewa yenye joto kidogo. Kwa hivyo mtu anafunga mlango jioni anaenda kulala akijua mimea iko blanketini kumbe iko nje.

Kitu cha kwanza nunua ni kipimajoto, kile cha dijitali kinachokumbuka joto la chini kabisa na la juu kabisa. Luthuli viko vingi na havizidi elfu na kidogo, chukua chenye waya mrefu wa sensa, ukining'inize kwa kimo cha mimea, kivuli, sio juu kwa paa na sio kwa jua. Bila hicho unapasha joto gizani, hujui usiku ulishuka mpaka wapi na hujui kama pesa yako imeongeza nyuzi tatu ama sifuri.

Sasa kuziba. Hii karibu ni bure na hakuna mtu anataka kuisikia kwa sababu haina kifaa cha kuonyesha majirani. Pita na mkono unyevu kando ya mlango, chini kwa msingi, pale nailoni inakutana na mbao, pale paipu ya maji inaingia, utasikia upepo. Mimi nimeziba na vipande vya nailoni ya zamani na mbao nyembamba za kupigilia, chini nimerudishia udongo mpaka nailoni imefukiwa, mlango nimewekea pazia la pili la gunia. Na zile sehemu za kukunja kando ziteremshe saa kumi jioni wakati jua bado liko, usingoje saa kumi na mbili ukiona giza, yale masaa mawili ya mwisho ya jua ndio ufunge nayo ndani. Wazazi ndio wanafanya hii kila siku na mama ameshikilia kabisa, hata mvua ikinyesha anateremsha. Na umwagilie asubuhi, sio jioni, udongo uliolowa na maji baridi jioni unalala baridi.

Pazia la ndani ndio naipa alama za juu kuliko kitu chochote kingine hapa, na kama ungenikataza vingine vyote nibaki na kimoja ningebaki na hii. Hesabu yake iko hivi. Grinhausi ya mita sita kwa kumi ukijumlisha paa na kuta inakuja kama mita 140 za mraba za nailoni. Kila mita ya mraba ya nailoni moja inapoteza karibu wati sita kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya ndani na nje. Ukitaka ndani iwe nyuzi tano juu ya nje unahitaji zaidi ya kilowati nne, usiku wote, bila kupumzika. Kupasha grinhausi kama hiyo kabla ya kuifunika ni kuteka maji kwa pakacha. Ukiongeza tabaka la pili la nailoni na uache nafasi ya hewa katikati, upotevu unashuka kwa theluthi moja na zaidi, na hiyo ni kila usiku bila kulipa tena.

Lakini usipigilie hilo tabaka la pili likae milele kama wanavyofanya nchi zenye theluji. Kila tabaka linakula karibu sehemu moja ya kumi ya mwanga, na sisi mwezi wa saba mwanga ndio tunakosa, ile gathano yetu, msimu wa baridi na mawingu, unaweza kukaa wiki nzima hujaona jua. Kwa hivyo mimi nimelifanya pazia kweli kweli, waya za mabati zimevutwa kutoka upande huu mpaka ule kwa kimo cha mita mbili, nailoni nyepesi inateleza juu ya waya, usiku inavutwa asubuhi inarudishwa, imeshikwa na vibanio vya nguo. Nailoni ya ndani haihitaji kuwa ile ghali ya kuzuia jua kuila kwa sababu mchana imekunjwa, chukua ya kawaida. Juu ya miche naongeza mapazia mazito ya mitumba kutoka Gikomba, yale ya sebuleni, bei ya kutupa, nayaweka juu ya matao ya paipu ya PVC. Tanel ndani ya grinhausi. Hapo kwa miche unapata nyuzi mbili tatu za ziada bila moto wowote.

Kuna mtu atasema tumia ile nailoni yenye viputo ya kufungia tivii. Inafanya kazi, hewa ndani ya viputo inazuia joto vizuri, lakini kwa grinhausi nzima bei inapanda haraka na ya kufungia vitu inapasuka kwa jua ndani ya msimu. Kwa ukuta mmoja wa upande wa upepo ni sawa.

Haya, mapipa ya maji. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio mahali ushauri wa mtandaoni unatupotosha sisi watu wa huku. Maji yanabeba joto kuliko karibu kila kitu cha bei rahisi. Pipa la plastiki la lita 210 likipoa nyuzi tano usiku linatoa kama kilowati saa moja na robo, na ukiwa nayo kumi hiyo ni kama kilowati saa 12, stima ya kama shilingi 360 kila usiku ukihesabu uniti kwa shilingi 30 hivi na kodi zake. Na hiyo umepewa na jua. Pipa moja lililotumika nililipata kwa elfu mbili na kitu, hakuna mota, hakuna waya, halilipuki, haliibiwi kirahisi likiwa limejaa. Paka rangi nyeusi ile isiyong'aa, funika kabisa ili mbu wasizae na mvuke usijae ndani, alafu liache.

Lakini sikiza tofauti ya Januari na Julai. Januari na Februari mbingu ni safi, mchana jua kali, usiku joto lote linapanda juu angani, na hiyo ndio baridi inayochoma, hata majani chai huko Kericho na Nandi yalichomwa na baridi Januari 2012. Wakati huo mapipa ni mfalme, maji yanapata joto zuri mchana na usiku yanarudisha. Ukija Julai kuna mawingu na manyunyu, usiku hauchomi sana kwa sababu mawingu yanafunika, lakini mchana nao haupashi chochote, unakuta maji ya pipa iko na joto moja na hewa. Hapo mapipa hayakupi kitu zaidi ya kuzuia mabadiliko ya ghafla. Kwa hivyo mtu akikwambia mapipa yanatosha mwaka mzima Limuru, hajapima. Januari nayapa tano kati ya tano, Julai mbili, na bado ningenunua.

Na pale pa kuyaweka: watu wa Ulaya wanasema yapange kwa ukuta wa kaskazini, hiyo ni kwa sababu jua lao liko kusini mwaka mzima. Sisi jua linapita juu ya kichwa, Juni limeegemea kaskazini, Desemba limeegemea kusini. Weka tu pale jua linayafikia na hayafuniki mimea kivuli, yangu yako kwa njia ya katikati na karibu na mlango, na ubao wa miche umekaa juu yake kabisa ili miche ipate joto la chini. Mitungi ya lita 20 ya mafuta ya kupikia nayo ni mizuri sana, mingine ningesema ni bora, manake maji kidogo kidogo kwenye vyombo vingi yanapokea na kutoa joto haraka kuliko pipa kubwa moja.

Tahadhari moja kwa mapipa. Muuzaji mmoja aliniuzia pipa akiapa lilikuwa la juisi, nikifungua harufu ya kemikali inatoboa pua. Fungua kifuniko hapo hapo, nusa, soma karatasi iliyobandikwa, na kama imekwaruzwa ikaondolewa achana nalo. Hayo maji siku moja yatamwagika kwa udongo wako wa nyanya.

Stima nitapita haraka. Hita ya feni ya kilowati mbili ikiwashwa masaa kumi usiku ni uniti 20, kama shilingi 600 usiku mmoja, elfu kumi na nane kwa mwezi, na tukirudi kwa ile hesabu ya kilowati nne hiyo hita haikupi hata nyuzi tatu kwa grinhausi isiyo na pazia. Na stima ikipotea usiku wa mvua, na tunajua inapotea, mimea imezoea joto alafu inakatwa ghafla. Kuna pia waya kwenye unyevu, kama lazima utumie weka swichi ile inayokata yenyewe umeme ukivuja. Kwa nafasi nzima, hapana. Kwa miche ndio, nitafika hapo.

Gesi kwa kweli ni rahisi kuliko stima ukihesabu joto peke yake. Mtungi wa kilo 13 una kama kilowati saa 165 ndani yake, ukijaza kwa elfu tatu na kitu, kila kilowati saa inakuja kama shilingi 19 ama 20. Kwa hivyo wengi wanaona hita ya gesi ya sebuleni ndio jibu. Shida ni mbili. Ya kwanza, kilo moja ya gesi ikiungua inatoa karibu lita moja na nusu ya maji kama mvuke, na huo mvuke ukiwa ndani ya nailoni iliyofungwa unageuka maji juu ya majani asubuhi, na bulaiti, ule ugonjwa unaochoma majani ya nyanya, inapenda baridi yenye majani mabichi kuliko kitu kingine chochote. Unaokoa mimea kwa baridi unaiua kwa ugonjwa. Ya pili, moto usioungua vizuri unatoa gesi inaitwa ethilini, na nyanya ikiisikia hata kidogo sana majani yanajikunja chini na maua yanaanguka. Usiku mmoja wa dharura gesi ni sawa, na uache nafasi ya hewa. Msimu mzima sio.

Kuhusu unyevu wacha niseme kitu kuhusu Oserian, shamba kubwa la maua kule Naivasha, manake inafundisha hata sisi wadogo. Kuanzia 2003 walikuwa wanapasha grinhausi za waridi, kama hekta 50, na joto la kisima cha mvuke cha Olkaria walichokodi kwa KenGen, kampuni ya kuzalisha stima. Na sio eti Naivasha kuna barafu. Walikuwa wanapasha usiku na alfajiri kwa sababu hewa ikipata joto unyevu unashuka, majani yanakauka, kuvu inakosa pa kukaa, na dawa za kuvu walikuwa wanatumia kidogo. Ndio maana mimi joto lolote lisilokausha hewa silihesabu kama joto zuri. Ukiwa na moto mdogo na hela kidogo, ile saa ya alfajiri, saa kumi na moja mpaka saa moja asubuhi, ndio uutumie, alafu ufungue juu kidogo mvuke utoke.

Jiko la makaa wazi ndani ya grinhausi, tafadhali usiweke. Najua ndio bei rahisi, najua kila mtu analo, na watu wa kuku wanaweka lile la udongo la vifaranga. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na kila msimu wa baridi tunasikia familia imelala na jiko ndani na haikuamka. Grinhausi uliyoiziba vizuri vile nimekwambia ni hatari zaidi sasa. Kijana wa shamba akiingia saa kumi na moja asubuhi kuangalia jiko akakaa hapo kujipasha kidogo, ndio hivyo. Hakuna kreti ya nyanya yenye thamani hiyo, na hapa siongezi neno.

Mishumaa chini ya chungu cha udongo, ile video inazunguka kila mwaka. Mshumaa mdogo unatoa kama wati 30 ama 40. Minne ni wati 150. Mtu mzima aliyekaa kimya anatoa kama wati 100. Chungu hakiongezi joto hata kidogo, kinalishika tu. Sifuri, twende mbele.

Mbolea moto nayo naipenda sana na inastahili kusifiwa zaidi. Samadi mbichi ya farasi ama ya ng'ombe ikichanganywa na majani makavu, nyasi ama unga wa mbao, ikilowekwa kiasi na kurundikwa angalau mita moja kila upande, katikati inafika nyuzi 55 mpaka 65 na inakaa na joto wiki kadhaa. Wakulima wa mboga wa Paris miaka ya 1800 walikuwa wanakuza saladi wakati wa baridi juu ya vitanda vya samadi ya farasi, na huko ni baridi kweli. Sisi tuko na ng'ombe kila boma Limuru, na Karen na Ngong Road kuna mazizi ya farasi ambayo yanatafuta mtu wa kuwaondolea samadi. Na tofauti na mapipa, hii haijali mawingu. Julai hiyo, jua limepotea siku nane, rundo liko tu linafukuta.

Nimeiweka kama kitanda chini ya miche: chimba nusu mita, jaza samadi na nyasi kavu, kanyaga, mwagilia kidogo, juu weka udongo wa kama inchi sita, ungoje joto la mwanzo lishuke kabla ya kuweka trei, ukiweka siku ya kwanza mizizi inapikwa. Samadi ya kuku usitumie peke yake ndani, inatoa amonia inayochoma majani na macho. Kasoro yake ni kazi. Ni tani za kubeba, na joto likiisha lazima uondoe uweke ingine, ingawa ile unaondoa sasa ni mbolea nzuri ya shamba la nje, hakuna kinachopotea. Kwa mtu mwenye mgongo mzima na ng'ombe wawili, nne kati ya tano. Kwa mtu wa Kileleshwa mwenye grinhausi ndogo nyuma ya nyumba, majirani watalalamika.

Kwa miche peke yake, hapo ndio stima inaingia. Mbegu za nyanya zinataka udongo wa nyuzi 21 mpaka 27, hoho zinataka hata zaidi, na kona ya trei chache haihitaji kilowati nne, inahitaji wati mia mbili chini ya pazia. Agroveti yoyote inauza balbu nyekundu ya vifaranga ya wati 250. Ikiwaka masaa kumi ni uniti mbili na nusu, shilingi 75 hivi usiku. Mimi nimeifunga na swichi ya joto ya Luthuli inayoikata ikifika nyuzi 22 kwa hivyo inakula chini ya hapo. Iwe mbali na nailoni na mapazia, nusu mita na zaidi, ifungwe na mnyororo sio kamba, na holda yake iwe ya kauri, ya plastiki inayeyuka. Kuna pia mikeka ya joto ya kuweka chini ya trei, inakula wati chache kuliko balbu na inapasha mizizi moja kwa moja, ni bora, lakini hapa mjini bado bei iko juu.

Mwisho ni moto wenyewe kwa nafasi nzima, ule wa Julai mawingu yakikataa. Hapa nilienda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali nikatengenezewa jiko la pipa la chuma, kuni zinaingia mbele, bomba la moshi linatoka nyuma. Nililipa karibu elfu saba na bomba lote. Fundi mwenyewe ndio aliniambia kitu cha maana, "Boss, hii bomba ukipandisha moja kwa moja juu, moto wote unaenda kupasha mawingu. Ilaze kwanza itembee ndani ndio itoke." Na ni kweli. Bomba langu linatembea kama mita nne ndani likipanda pole pole kabla ya kutoka, na hiyo bomba ndio inatoa joto zuri zaidi, kavu, majani yanakauka kabisa asubuhi. Moshi wote uko nje, unyevu wa kuni uko nje.

Nimezungushia jiko mawe ya Ndarugo yaliyobaki kwa mjengo, bila saruji, na hayo mawe yanashika joto moto ukizima saa nane usiku yanaendelea kutoa mpaka karibu alfajiri. Bila mawe ungehitaji mtu wa kuamka kuongeza kuni, na hiyo ndio kasoro kubwa ya jiko lolote la kuni, halijilishi. Usiku wa baridi kali linakula kilo kumi hivi za mikaratusi iliyokauka, ikiwa pazia limevutwa. Bila pazia ni karibu mara mbili, mama alijaribu akaniambia nisimuulize tena. Kuni mbichi usiweke, zinajaza bomba masizi na hazitoi joto.

Pale bomba linapopita kwa ukuta usipitishe kwa nailoni, kata dirisha, weka kipande cha bati, bomba lipite katikati ya bati na nafasi ya mkono kila upande. Chini ya mlango acha tundu dogo la hewa ya moto, jiko linavuta hewa na usipompa atavuta moshi wake mwenyewe arudishe ndani.

Ukienda kuagiza, nenda na vipimo vyako vimeandikwa, urefu wa bomba, kona ngapi, kofia ya mvua juu. Mwambie bomba la inchi nne, chuma cha geji 16 kwa mwili manake nyembamba inatoboka msimu wa pili, na udai akuwekee kibati cha kupunguza hewa mbele, bila hicho kuni zinakwisha kwa masaa mawili. Linganisha mafundi kadhaa kabla ya kulipa, bei inacheza sana. Likishafika shambani liwashe kwanza nje uwanjani, moto mkubwa, mpaka rangi ya pipa iungue yote iishe, huo moshi wa kwanza ni mchungu na ukiuachilia ndani majani ya nyanya yananyauka kabla jioni haijafika.